Ubao Hupungua Omoni

Kiswahili chetu kina neno moja linalobeba mizigo mingi: chombo. Sufuria ni chombo, redio ni chombo, na jahazi nalo ni chombo. Huku kwetu Temeke maana hii ya tatu inaanza kufifia. Mwambie kijana wa Mbagala kwamba unaunda chombo, atakuuliza kama ni spika au bodaboda. Mimi naunda vyombo vya mbao vyenye urefu wa sentimeta 60, visivyopakia mtu wala kuvua dagaa, na washkaji wa kijiweni wamekwishanibatiza jina: Nahodha wa Nchi Kavu. Sikasiriki. Ila lipo swali moja wanaloniuliza kila siku, na nimeona nilijibu kwa kalamu, maana kijiweni huwezi kumaliza sentensi tatu bila mtu kukukatiza. Swali lenyewe ni hili: kwa nini mtu mzima akae wiki sita anabandika vibao kwenye kidau ambacho hakitagusa maji ya bahari, wakati gogo moja lingechongwa likaisha kwa siku mbili?

Swali si la kipuuzi. Tuanze na hilo gogo.

Ndugu msomaji, ukienda Mwenge kwenye vinyago utaviona vidau vimepangwa kwenye rafu pamoja na twiga na vifaru. Vingi ni vya gogo. Fundi huchukua mti laini, akauchonga umbo la nje, akaufukua tumbo kwa patasi, akausugua msasa. Ukishalainika, huchukua ncha ya kisu akachora mistari ubavuni ili mtalii aone kama mbao zimepangwa. Mwisho hupaka kiwi ya viatu, nyeusi au kahawia, akasugua kwa kitambaa mpaka king'ae. Hiyo ni kazi halali ya mikono na imesomesha watoto wengi. Sina ugomvi nayo, na mbele nitaeleza kwamba hata mimi nimeifanya.

Namna ya pili ni kukiunda kidau kama chombo chenyewe kinavyoundwa: mkuku chini, hanamu mbele (ule mti unaopasua maji), nguzo ya nyuma, halafu ubao juu ya ubao mpaka ukingo wa juu. Hii nimefundishwa na mjomba wangu.

Mjomba alizaliwa Mafia, na kazi aliifunzwa Jibondo, kisiwa kidogo cha huko huko Mafia ambacho watu wa pwani wanakijua kwa uundaji wa vyombo. Alikuja Dar es Salaam miaka ya 1980, akafanya kazi fukwe za Kunduchi na Kigamboni, kuunda mashua na kukarabati zilizochoka. Kazi ilipungua pole pole. Mbao nzuri kama mvule na mkongo zilipanda bei, boti za faiba zikaja, mgongo nao ukaanza kudai haki yake. Akahamia kwetu Mtoni Kijichi, akawa anatengeneza madirisha na vitanda. Mwaka 2018 akaanza kuona ukungu. Tulipompeleka akaambiwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limetangulia.

Sasa elewa shida iliyokuwa hapo. Mjomba hajawahi kuchora mashua hata moja kwenye karatasi. Kipimo chake ni shubiri, mkono na jicho. Akisimama nyuma ya mkuku akafumba jicho moja, anajua ubao unataka kupunguzwa wapi. Watu wanaoweza kufanya hivyo wapo, lakini kila mmoja ana hesabu yake kichwani, na hesabu ya mjomba ilikuwa inakaa kwenye macho yanayozimika. Operesheni ingewezekana, fedha hatukuwa nazo. Na daktari ni binadamu. Hakuna aliyetuhakikishia kwamba jicho litarudi lilivyokuwa.

Ndipo tukaamua kuunda mashua moja ndogo kabla giza halijaingia. Mashua ya kweli aliyoizoea ina urefu wa mita 9. Tukaigawa kwa 15, ikawa sentimeta 60. Ubao wa unene wa sentimeta 3 ukawa milimita 2. Upana wa sentimeta 15 ukawa milimita 10. Mbao zenyewe tulizipata Keko kwa mafundi wa fenicha, mabaki ya mninga na mkongo ambayo yangechomwa jikoni. Ukimkuta fundi ana mashine na roho nzuri, atakupasulia vipande vyembamba kwa bei ya soda.

Mimi nilikuja na ujuzi wangu wa karatasi. Nilikuwa na kurasa za fotokopi za kitabu cha Wazungu cha kutengeneza meli ndogo. Wao huanza na mbavu zote, yaani mataruma, wakazisimamisha juu ya mkuku kama mifupa ya samaki, kisha wakazivika mbao. Nikamsomea mjomba. Akacheka mpaka akakohoa.

“Mjomba,” akaniambia (na yeye huniita hivyo hivyo, ndivyo tunavyoitana), “hao wanajenga mbavu halafu wanatafuta mwili wa kuzivaa. Sisi kwetu mwili ndio unaoita mbavu zake.”

Alikuwa anaeleza jambo la kweli. Mafundi wa kale wa Bahari ya Hindi walianza na ganda: mbao kadhaa za chini hukaa kwanza, umbo likajitokeza, ndipo taruma likachongwa kufuata tumbo lilivyokubali. Ndiyo maana mataruma ya mashua zetu hutoka kwenye matawi yaliyopinda yenyewe, yaliyochaguliwa moja moja porini. Kwenye kidau cha sentimeta 60 ganda tupu halishikiki, hivyo tukakubaliana tuweke vibao vitatu vya muda vya kushikilia umbo, kimoja omoni, kimoja katikati, kimoja shetrini, kisha tuving'oe mataruma yakishaingia.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Chukua uzi, uzungushe tumboni katikati ya chombo kuanzia mkuku mpaka ukingo wa juu. Kwetu ilitoka sentimeta 12. Ukipima hivyo hivyo shetrini, 9.6. Omoni, 7.2 tu. Chombo ni kinene katikati na kimebana mbele; hilo kila mtu analiona. Lisiloonekana haraka ni kwamba idadi ya mbao ni ile ile kote. Kama ubavu una mbao 12, basi 12 zitapita katikati na 12 hizo hizo lazima zifike kwenye hanamu. Kwa hiyo kila ubao ulio na milimita 10 katikati unatakiwa uwe na 8 shetrini na 6 omoni. Mjomba hazijui milimita. Anasema tu: “Ubao hupungua omoni.” Tangu Jibondo ameambiwa hivyo.

Na ubao usipunguzwe chini ya nusu ya upana wake, maana msumari hautapata pa kushika. Chombo kikibana mno, mbao mbili huishia kwenye ubao mmoja kabla ya kufika mbele. Halafu kuna ubao wa kwanza, ule unaolala na mkuku. Huyo mjomba alinisimamia kama askari. Ukimwachia apande juu omoni, amekula nafasi ya wenzake wote 11, na wa juu kabisa atabaki uzi. Wa kwanza lazima akubali kukaa chini ili wengine wapate njia.

Kupinda nako kuna adabu yake. Ubao mkavu wa mninga ukiulazimisha unakatika pwaa! Tulikuwa tunauloweka usiku kucha, asubuhi tunaweka kipande cha bomba la chuma juu ya jiko la mkaa, tunaukandamiza ubao ukiwa umelowa juu ya bomba mpaka utii. Tunaufunga mahali pake kwa kamba na vibanio vya nguo, tunausubiri ukauke, ndipo gundi. Na huwezi kumaliza upande mmoja kwanza. Ubao wa kushoto ukiingia, unaofuata ni wa kulia, maana mbao zikikauka huvuta, na mkuku ukivutwa upande mmoja chombo kizima kinapinda kama mkia wa kamba. Mashua kubwa hupigiliwa misumari, na tundu hutobolewa kwanza kwa kekee ili ubao usipasuke. Sisi tulitoboa kwa sindano ya moto, tukapigilia vijiti vya meno vilivyokatwa.

Tulipofika ubao wa saba kila upande, ikaja dili.

Mfanyabiashara mmoja wa vinyago alisikia habari za mjomba, akataka vidau 20. Akakataa katakata habari za ubao kwa ubao. Anataka vya gogo, na anataka ndani ya mwezi mmoja na nusu. Elfu 25 kimoja. Piga hesabu mwenyewe: laki tano. Laki tano ilikuwa inatusogeza karibu kabisa na gharama ya jicho la kulia. Lakini mikono ilikuwa minne tu, miwili kati yake haioni vizuri. Tukichukua dili, mashua inasimama, na ukungu hausimami. Tukiendelea na mashua, jicho lenyewe linakosa dawa.

Nilikuwa upande wa mashua. Damu ilikuwa inanichemka kijana wa mjini, nikatoa hotuba ndefu uani kuhusu urithi na utamaduni, na kwamba hatuwezi kuuza mistari ya kisu kwa watalii na kuiita jahazi. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, huku anakuna kidevu.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza mjomba.”

“Haya. Kachonge magogo. Kwani mimi nikila nasikia shibe ya mbao?” Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza: “Ila lete hicho kidau cha gogo ulichonunua Mwenge, nikishike.”

Alikipapasa kwa kidole gumba kuanzia katikati kwenda omoni. Akarudia. Akaguna. Mistari ilikuwa sawasawa mwanzo mpaka mwisho, kama mistari ya daftari. Omoni, kwa kuwa nafasi imekwisha, mistari mingine ilikuwa imepotelea ukingoni tu, haina pa kwenda.

“Unaona? Aliyechora hapa hajaona chombo kikiundwa. Wewe umeona. Chora mistari 11, ipungue. Gogo liwe gogo, lakini lisiseme uongo.”

Ndivyo tulivyofanya. Mchana nilichonga magogo, na kila moja nililipima kwa uzi, nikagawa kwa 12 katikati, shetrini na omoni, nikaunganisha alama kwa kipande chembamba cha mti kinachopinda. Kazi ya ziada ilikuwa kama saa moja kwa kila kidau. Mfanyabiashara alikuja kuvichukua, hakuona tofauti, wala hakuongeza hata mia. Akalipa laki tano yake, tukashukuru Mungu. Usiku, kwa taa, tuliendelea na mashua: ubao mmoja kushoto, mmoja kulia.

Katika usiku huo nilipata muda wa kufikiri jambo ambalo limenikaa mpaka leo. Kuna chombo kilichoitwa mtepe. Kiliundwa visiwa vya Lamu, na Wabajuni hasa, bila msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne. Ushonaji wa vyombo pwani hii ni wa kale mno. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kiitwacho Periplus kinataja bandari ya Rhapta huku kwetu Azania, na kinasema jina lake limetokana na vyombo vya kushonwa. Sasa mitepe ilikwisha baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Ilipoundwa tena mmoja Zanzibar mwaka 2003, ukaitwa Shungwaya na kuwekwa Beit el Ajaib, hapakuwa na mtepe hai duniani wa kutazamia. Kilichokuwa kimebaki ni picha, maandishi ya watu kama James Hornell na A.H.J. Prins, na vidau vidogo vya mfano kama vile vinavyoonyeshwa katika makumbusho ya Lamu. Kidau ambacho pengine mtu alikitengeneza kwa kujifurahisha tu, ndicho kilichobaki kutoa ushahidi.

Wenzetu wa Mauritius wamefanya meli ndogo kuwa biashara kubwa. Curepipe na Goodlands kuna karakana zinazotoa merikebu za Ulaya za kale kwa ajili ya kuuzwa nje, na kazi yao ni safi. Lakini wana michoro. Merikebu hizo zilichorwa na wenyewe miaka mingi iliyopita. Michoro ya mashua zetu inatembea kwa miguu, inaumwa mgongo, na wakati mwingine inaketi barazani Mtoni Kijichi inasubiri chai.

Tulipofika kwenye kumalizia, mjomba alikuwa haoni tena mstari kati ya ubao na ubao. Akaniambia nisimhurumie, maana sasa kazi ni ya kidole. Kwanza kalafati: uzi wa pamba uliochovywa kwenye gundi, ukisukumwa ndani ya kila upenyo kwa ncha ya kisu butu. Palipobaki kovu tulijaza vumbi la mninga huo huo lililochanganywa na gundi, ili rangi isitofautiane. Kisha kupara. Hatukuanza na msasa; tulianza na kipande cha kioo kilichovunjika, ambacho hupara ubao vizuri kuliko randa kwenye mahali pa mviringo. Ndipo msasa, namba 120, halafu 240. Baadaye unafuta kwa kitambaa chenye maji ili vinyweleo vya mti visimame, unaacha vikauke, unamaliza na 400. Mjomba alikuwa anapitisha ukucha kutoka mkuku kwenda juu, taratibu, na ukucha ukikwama anasema “hapa”. Hakusema “hapa” bure hata mara moja.

Kuhusu rangi tulibishana kidogo. Mimi nilitaka vanishi king'ae. Yeye akasema mashua inayong'aa imetoka saluni. Chombo cha kweli chini ya maji hupakwa deheni, chokaa na shahamu, kuzuia wadudu watoboao mbao. Juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Chini tukapaka chokaa iliyochanganywa na gundi, ikakaa nyeupe ya vumbi, nzuri sana. Juu alishikilia sifa. Nikaifuata Feri kwa wavuvi, chupa moja ndogo. Msomaji, kama hujawahi kunusa sifa ndani ya chumba kimoja chenye dirisha moja, nakuombea usinuse. Mke wa mjomba aliivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili mashua ililala nje pamoja na kuku.

Jicho la kulia lilifanyiwa operesheni mwezi Februari 2020. Wiki chache baadaye korona ikaingia, watalii wakakauka, na yule mfanyabiashara hakuagiza tena. Kama tungengoja dili la pili ndipo tuendelee na mashua, lisingekuja. Na kama tungelikataa la kwanza, jicho lingesubiri mpaka lini? Jicho limerudi kwa sehemu kubwa: anasoma namba za daladala, anamtambua mtu akiwa ng'ambo ya barabara. La kushoto bado. Kusimama nyuma ya mkuku na kufumba jicho moja hawezi tena, kwa sababu jicho la kufumba analo, la kutazamia ndilo linalochoka.

Mashua iko juu ya kabati. Wamekuja wawili kutaka kuinunua, mjomba amekataa wote. Mwaka jana alikuja mtu wa tatu, fundi kijana wa Kunduchi, ana mashua ya mita 8 inayohitaji mbao mpya upande wa omo, na kwenye pwani yake watu wanabishana namna ya kuzigawa. Hakutaka kununua. Alikuja na uzi na kalamu ya risasi, akakaa nayo mashua yetu saa nzima kwenye mwanga wa mlangoni, akapima ubao mmoja baada ya mwingine, akaandika. Mjomba alimwambia “pima vizuri”, basi.

Hilo ndilo jibu langu kwa washkaji wa kijiweni. Gogo lililochorwa mistari hupimiki chochote juu yake isipokuwa aliyechora awe amejua. Wiki sita zile zilikuwa za kuhamisha kipimo kutoka kwenye jicho la mtu mmoja na kukiweka mahali ambapo mtu asiyemfahamu anaweza kukikuta.

Na wewe unayesoma gazeti hili kwa sababu unataka kuandika, huenda una babu Mbweni, au shangazi Kimbiji aliyeolewa na fundi, au jirani aliyewahi kupanda majahazi ya boriti kutoka Rufiji. Nenda na daftari na futi. Usimwulize habari za utamaduni, atakuambia ulichotaka kusikia. Mwulize ubao wa kwanza unakaa vipi, na mwambie akuonyeshe kwa mkono.

Mchwa wa Kijichi hawajui makumbusho, kwa hiyo naviweka vipimo vya mjomba hapa pia. Mashua ya mita 9, mbao 12 kila ubavu, unene sentimeta 3. Upana wa kila ubao: katikati sentimeta 15, shetrini 12, omoni 9. Ubao wa kwanza ulale chini, usipande. Kushoto kisha kulia.